Hofu na Uwiano Wake: Uhakiki wa Dhana ya Fobia katika Tafiti za Arua na Koboko

Saikolojia ya matatizo ya akili huitambua fobia kwa kigezo kimoja kikuu: hofu inayozidi hatari iliyopo. Mwongozo wa uainishaji wa wataalamu wa Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, unaongeza kwamba muktadha wa kijamii na kiutamaduni uzingatiwe katika kupima uwiano huo. Nyongeza hiyo ni ya maneno machache tu, lakini huko West Nile ndiyo inayobeba mzigo wote. Katika miaka ya 1990, safari ya kutoka Arua hadi Kampala ilipita Pakwach na Karuma, mahali ambapo waasi walivamia magari na kuua abiria. Aliyeikwepa barabara hiyo wakati ule alikuwa mtu wa busara. Je, anayeikwepa hadi leo ana fobia? Dodoso pekee haliwezi kujibu. Anayelitumia hana budi kuijua historia ya barabara yenyewe.

Tafiti zinazotajwa sana kuhusu eneo hili zina thamani, ila zimechunguza jambo jingine. Karunakara na wenzake (2004) walikadiria kwamba msongo wa baada ya kiwewe uliwapata asilimia 48 ya Wasudani waliobaki kwao, asilimia 46 ya wakimbizi wa Kisudani, na asilimia 18 ya raia wa Uganda. Mwaka huohuo, Neuner na wenzake walichapisha matokeo ya tiba ya masimulizi kwa wakimbizi 43 wa kambi ya Imvepi: baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 tu ya waliopata tiba hiyo walikuwa bado na maradhi, ilhali katika makundi mawili ya kulinganisha walikuwa takriban asilimia 80. Ni matokeo ya kutia moyo, ingawa sampuli ni ndogo. Hata hivyo, toleo la 5 liliuondoa msongo wa baada ya kiwewe katika sura ya matatizo ya wasiwasi. Mshauri wa sera anayenukuu takwimu hizi kama kipimo cha fobia anasoma ramani ya wilaya nyingine.

Jaribio la Rhino Camp lililochapishwa mwaka 2020, lililohusisha wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, halizibi pengo hilo. Kipimo chake kikuu, cha maswali 6, hupima dhiki ya jumla. Nafuu ilionekana, ikapungua kufikia mwezi wa 3, lakini hakitenganishi hofu na huzuni.

Lugha nayo inatatiza. Neno “wasiwasi” hubeba shaka, mashaka ya moyo na hofu ya lisilojulikana. “Fazaa” ni mshtuko wa ghafla. “Woga” huweza kuwa lawama ya tabia. Tafsiri inayotumia “wasiwasi” kila mahali huchanganya maradhi na tahadhari ya kawaida. Zaidi ya hayo, Kiswahili nchini Uganda kimehusishwa kwa muda mrefu na jeshi. Mzee wa Koboko anayehojiwa kwa Kiswahili kuhusu hofu zake huenda anasikia sauti ya kizuizi cha barabarani kabla hajasikia swali. Mhoji anayetumia Kikakwa au Kilugbara hukwepa tatizo hilo, mradi istilahi ziwe zimejaribiwa kwanza na wasemaji wenyewe.

Asilimia 18 ile ndiyo iliyostahili mjadala mrefu zaidi. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, kisasi cha wanajeshi kiliwafanya watu wengi wa Arua na Koboko kukimbilia Zaire na Sudan. Wengi wa wanaowapokea wakimbizi leo waliwahi kuwa wakimbizi wenyewe. Sera ya Uganda inataka asilimia 30 ya misaada iwafikie jamii wenyeji, lakini fungu hilo huonekana kwa urahisi katika visima na madarasa. Mama anayeacha kwenda sokoni kwa sababu moyo humdunda kila anapokaribia umati haonekani katika hesabu hiyo, wala katika dodoso lolote kati ya hayo yaliyotajwa.