Kitabu cha Stroud ni kizuri, ila mto hauji na fomula

Kama umesoma uhandisi au sayansi chuo kikuu, huenda umekutana na Engineering Mathematics cha K. A. Stroud, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1970. Tuseme ukweli, kimewaokoa wengi wasipate sapu. Kinakupeleka fremu kwa fremu: unaulizwa swali, unajaribu, jibu unalikuta fremu inayofuata. Kwa anayejisomea peke yake usiku, vitabu vyenye subira hivyo ni vichache.

Tatizo ni mpangilio wake wa intigresheni. Kwanza unajazwa mbinu: kubadilisha kigeu, kuintigreti kwa sehemu na nyinginezo. Intigresheni ya kukadiria, pamoja na kanuni ya Simpson, inakuja baadaye sana. Mwanafunzi anabaki akidhani kukadiria ni kazi ya aliyeshindwa. Na pepa zetu nyingi zinakazia hapohapo: fomula hii hapa, tafuta ujanja.

Ili uone hasara yake, twende Nyamwage, wilayani Rufiji. Ukitoka huko kwenda Dar es Salaam unavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970. Mwaka 2024 mafuriko yaliharibu mashamba Rufiji na Kibiti. Mkulima wa bondeni akikuuliza maji yanapita kiasi gani, amekuuliza swali la intigresheni: eneo la mkato wa mto, zidisha kwa kasi ya wastani ya maji. Ila sakafu ya mto haina fomula. Utapata vipimo tu.

Chukua mfano wa kubuni. Mkono wa mto una upana wa mita 60, nawe umepima kina kila baada ya mita 10: 0, 2, 3, 4, 3, 2, 0. Hapo huna cha kuintigreti kwa sehemu. Kwa kanuni ya trapeza, eneo ni mita za mraba 140. Kwa kanuni ya Simpson ni karibu 147. Maji yakienda nusu mita kwa sekunde, tofauti ya majibu hayo mawili ni zaidi ya lita 3,000 kila sekunde. Kwa mwenye shamba, hiyo si desimali ya kupuuza.

Kwa nini yametofautiana? Trapeza inaunganisha vipimo kwa mistari iliyonyooka, wakati sakafu hii imebonyea kama bakuli, kwa hiyo kuna eneo linaachwa nje. Ukubwa wa kosa hilo unategemea mpindo wa sakafu, yaani derivativu ya pili. Hapo ndipo kalkulasi ya juu inapodai nafasi yake: inakwambia jibu lako uliamini kiasi gani. Kwa hiyo sisemi mbinu za Stroud zitupwe. Nasema zimetengwa na kazi yake.

Hata kwenye hesabu tupu, e kwa kipeo cha hasi x mraba haina intigrali inayoandikika kwa fomula za kawaida. Liouville alionyesha jambo la aina hii tangu karne ya 19, na bado tunafundisha kana kwamba kila swali lina ujanja wake.

Ushauri wangu: ukikifungua kitabu hiki, anza na sura ya kukadiria, kisha rudi kwenye mbinu. Na wewe unayetunga pepa, weka angalau swali moja lenye jedwali la vipimo, lisilo na fomula.