Saa Mkononi, Upepo Usoni: Kugawa Kasi Kuanzia Ngong Hadi Kitengela

Tarehe 25 Septemba 2011, Patrick Makau, mkimbiaji aliyekuwa akifanyia mazoezi yake Ngong, Kaunti ya Kajiado, alimaliza Berlin Marathon kwa saa 2:03:38 na kuifuta rekodi ya dunia ya Haile Gebrselassie ya 2:03:59. Wengi wanaikumbuka siku ile kwa namna Makau alivyokwenda mshazari kulia na kushoto, baada ya kilomita ya 25, mpaka Haile aliyekuwa amemganda kisogoni akaachwa. Mimi huvutiwa zaidi na hesabu ya siku hiyo. Nusu ya kwanza ilikwenda chini kidogo ya dakika 62, na nusu ya pili vivyo hivyo. Wastani wake ni dakika 2:56 kwa kila kilomita, na nusu zile mbili hazikupishana hata kwa robo dakika.

Tangu hapo ufundi wa kugawa kasi umeendelea mbali. Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, gari la umeme lilimulika mistari ya leza barabarani ili waweka kasi 41, waliokuwa wakipokezana, wajue pa kukanyaga, naye Eliud Kipchoge akakimbia kila kilomita kwa kama 2:50 hadi akamaliza kwa saa 1:59:40. Mwaka uliofuata, kule Valencia, Joshua Cheptegei wa Uganda alifukuzana na taa zilizopangwa kwenye ukingo wa ndani wa uwanja na kumaliza mita 10,000 kwa dakika 26:11.00, wastani wa sekunde 62.8 kila mzunguko. Kelvin Kiptum naye, Chicago mwaka 2023, alikwenda nusu ya kwanza kwa dakika 60:48 na ya pili kwa 59:47, na jumla ya 2:00:35 ikawa rekodi ya dunia.

Ukizitazama mbio hizi kwa makini utaona jambo ambalo sisi wakimbiaji wa kawaida tunaovaa saa za GPS tunalipita. Umbali wote ulikuwa umepimwa ardhini. Mzunguko wa uwanja ni mita 400, na taa zake hupangwa kwa kipimo hicho hicho. Njia ya marathoni hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kihesabio kwenye gurudumu, kwa kufuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, kisha huongezwa mita moja kwa kila elfu ili isije ikapungua. Mabango ya kilomita unayoyaona kando ya barabara yanatokana na kipimo hicho. Saa yako haijui lolote kuhusu kipimo hicho. Inasikiliza setilaiti, inakisia ulipo, inaunganisha nukta, na kukuambia umekwenda mbali kiasi gani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: saa ikupe muda na mapigo ya moyo, na umbali uachie ardhi. Kitengela, huku huku Kajiado, ni mahali pazuri pa kulijaribu jambo hili.

Nianze na kosa la umbali, kwa kuwa ndilo linaloharibu siku za watu wengi. Tuseme umejiandaa kumaliza nusu marathoni kwa saa mbili kamili. Gawanya dakika 120 kwa kilomita 21.0975, utapata 5:41 kwa kilomita. Unatoka, unaitazama saa, inasoma 5:41, na moyo wako umetulia. Lakini hukati kona zote kwa mstari mfupi, unapita wenzako kwa kuzunguka, na GPS nayo inayumba kidogo kila mara. Mwishoni saa inaonyesha umekimbia kilomita 21.3. Kwa mwendo ule ule wa 5:41, kilomita 21.3 ni zaidi kidogo ya saa 2:01. Umefanya kila ulichoambiwa na saa, na bado umekosa lengo kwa zaidi ya dakika moja. Kwenye marathoni kosa huwa kubwa zaidi. Anayetafuta saa 3:30 anahitaji 4:59 kwa kilomita. Saa yake ikihesabu kilomita 42.6 badala ya 42.195, atafika 3:32, na atadhani waandaaji wamempunja.

Namba ya mwendo wa papo hapo, ile inayorukaruka usoni mwa saa, ndiyo isiyoaminika kuliko zote. Saa hukadiria kasi yako kwa sekunde chache zilizopita na kulainisha matokeo, hivyo huchelewa. Unapoongeza mwendo yenyewe bado inazungumzia ulivyokuwa, unazidi kuongeza, kisha inakuambia umepita kiasi. Chini ya daraja au kando ya majengo marefu hali huwa mbaya zaidi, maana mawimbi hugonga ukuta kabla ya kukufikia. Saa mpya zinazopokea masafa mawili ya setilaiti kwa pamoja zimepunguza tatizo hili, ila hazijaliondoa.

Kitengela ina bahati ya barabara zilizonyooka. Kwenye mstari ulionyooka, bila majengo marefu, GPS hukosea kidogo tu. Chagua kipande cha barabara ya murram kilichonyooka, mbali na malori ya Barabara ya Namanga, kitembee na kukikimbia mara kadhaa ukiwa umevaa saa, chukua wastani, kisha weka alama ya kilomita moja kwenye nguzo au kalivati. Kuanzia hapo una ardhi iliyopimwa. Mazoezi ya vipande vya kilomita moja yafanyie hapo, ukibonyeza kitufe cha saa kwa kidole kwenye alama badala ya kuiachia ijibonyeze yenyewe kila inapodhani kilomita imetimia. Ndani ya wiki chache mguu utajua 5:41 ni nini bila kutazama mkono. Hilo ndilo lengo la chombo hiki chote.

Lakini hata kilomita iliyopimwa vizuri haiwi na thamani ile ile kila asubuhi, na sababu kubwa hapa kwetu ni upepo. Kitengela imekaa kwenye tambarare za Athi-Kapiti, mahali palipo wazi, pasipo misitu ya kukinga. Si ajabu kaunti hii ina mitambo ya upepo kwenye Vilima vya Ngong, na mingine 60 kule Kipeto yenye uwezo wa megawati 100. Upepo unaoweza kuzungusha mapanga yale ni upepo ule ule unaokusukuma kifuani. Tena malipo yake si sawa: nguvu unayotumia kupambana na upepo wa mbele ni kubwa kuliko ile unayorudishiwa ukiwa nao mgongoni. Ukienda na kurudi njia moja, hutapata tena sekunde zote ulizopoteza.

Mkimbiaji anayeshikilia 5:41 dhidi ya upepo huo anakuwa amegeuza mbio nyepesi kuwa mashindano bila kujua. Hapa ndipo mapigo ya moyo yanapofaa. Siku ya mbio ndefu au mbio nyepesi, weka kikomo cha mapigo, kisha uache mwendo uende utakavyo. Upepo ukivuma, utapunguza kasi, na hiyo ni sahihi. Wakimbiaji wetu wakubwa huanza mbio nyepesi polepole kiasi cha kumshangaza mgeni, kwa sababu wanajua kesho kuna zoezi gumu. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ya saa kwa mtu anayejifunza peke yake: inamzuia. Wengi wetu tunakimbia kwa nguvu siku ya kupumzika, na siku ya kazi tunakuwa tumeishiwa.

Kikomo hicho kisitokane na ile hesabu ya kutoa umri wako kwenye 220. Hesabu hiyo ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja anaweza kutofautiana nayo kwa mapigo kumi au zaidi juu au chini, lakini saa nyingi hukupangia kanda tano za mapigo kwa kuitumia mpaka ubadilishe mwenyewe. Njia bora ni kupasha mwili joto vizuri, kukimbia kwa nguvu unayoweza kuidumisha kwa dakika 30, na kuchukua wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho. Mbio nyepesi zikae chini kabisa ya wastani huo, mahali ambapo bado unaweza kumsimulia mwenzako habari kwa sentensi kamili. Ukishindwa kumaliza sentensi, amini pumzi kabla ya saa.

Nasema hivyo kwa sababu kihisi cha mkononi nacho hukosea. Kinamulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma jinsi damu inavyopita. Mwanga huo hunyonywa na melanini, hivyo kwenye ngozi nyeusi unaorudi ni mchache. Tafiti hazikubaliani jambo hilo linaongeza kosa kiasi gani, lakini watengenezaji wanapaswa kupima saa zao kwenye mikono kama yetu, na wanunuzi tuna haki ya kudai hivyo. Baridi nayo ina sehemu yake. Asubuhi za Julai Kitengela damu hukimbia vidole na viganja, na saa inaweza kuchukua dakika kumi kabla ya kupata usomaji wa maana. Kisha kuna kosa la hila zaidi: saa hushika mdundo wa hatua na kuudhani ni mapigo. Ukiona 175 huku unapiga soga, na hatua zako ni karibu 175 kwa dakika, unasoma miguu yako. Kaza ukanda, pandisha saa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono. Anayetaka uhakika avae mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe.

Makisio mengine yapite haraka. Namba ya uwezo wa kutumia oksijeni ambayo saa hutoa inatokana na uwiano wa kasi na mapigo, hivyo upepo, vumbi na jua la Februari vitaishusha bila wewe kudhoofika. Alama za usingizi ni za kukadiria. Kwa mtu anayeamka alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi, au anayetoka zamu ya usiku kwenye viwanda vya EPZ, mapigo ya asubuhi kabla ya kuinuka kitandani yana maana kuliko grafu yoyote. Yakipanda ghafla kwa siku mbili tatu, mwili una deni la usingizi au ugonjwa unakuja. Tena hayo unaweza kuyapima kwa vidole viwili na saa ya ukutani.

Mwinuko unahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa Kajiado ina mwinuko wa kila aina. Ziwa Magadi liko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, Kitengela imepita 1,500, na kilele cha Vilima vya Ngong kinafika 2,460. Kanieneo ya hewa Kitengela ni takriban asilimia 83 ya ile ya pwani; kwenye kilele cha Ngong ni robo tatu tu. Mwendo wa 5:41 ulioupata kwenye kilomita yako ya Kitengela hauwezi kuhamishiwa Ngong. Wanaopanda vilima vile Jumamosi wakiwa na lengo la mwendo lililoandikwa kwa ajili ya tambarare wanajiumiza bure. Huko pandeni kwa mapigo na pumzi, na mwendo mwuache nyumbani.

Somo hilo linahusu mbio nyingi ambazo watu wa Kitengela hujiandikisha. Nairobi Marathon, iliyoanza mwaka 2003, siku hizi hukimbiwa Southern Bypass, barabara inayopanda kadiri inavyoelekea Dagoretti na Kikuyu na kushuka unaporudi Lang'ata. Aliyefanya mazoezi yote kwenye tambarare atafika pale akiwa na saa inayodai 5:41 kwenye mpando, na akitii, atalipa kabla ya kilomita ya 15. Kwenye mpando shikilia jitihada ile ile, ukubali kupoteza sekunde 15 au 20 kwa kilomita, kisha mteremko ukurudishie baadhi. Mapigo nayo yasikutishe wala kukutawala siku hiyo. Msisimko wa kuanza huyapandisha, na joto pamoja na upungufu wa maji huyaongeza polepole hata kama kasi haijabadilika. Yanafaa kama kikomo cha kilomita tano au sita za mwanzo, basi.

Kabla ya siku ya mbio, zima kile kitufe cha kilomita cha kujiendesha, na uweke saa ionyeshe muda uliopita na mapigo peke yake. Hakikisha imeshika setilaiti kabla ya bunduki kulia, ili upate kumbukumbu ya kuichambua baadaye. Kwa anayetafuta saa mbili, andika kwa kalamu mkononi: kilomita 5 kwa 28:26, 10 kwa 56:53, 15 kwa 1:25:19, 20 kwa 1:53:45. Ukifika bango la 5 ukiwa nyuma kwa nusu dakika kwa sababu ya mpando, endelea hivyo hivyo. Ukiwa umetangulia kwa dakika nzima, punguza mwendo papo hapo, hata kama miguu inakuambia ni nyepesi.