Barua za Wakubwa na Daftari la Shamba

Mwalimu wa historia aliyezoea kitabu kimoja na ubao, akifungua Founders Online atapigwa na butwaa. Tovuti hii, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Idara ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, ina maandishi zaidi ya 180,000 ya akina Washington, Franklin, Adams, Jefferson, Hamilton na Madison, wala haitozi senti. Sisi tuliofunza walimu kwa nakala chache zilizochanika majalada hatuwezi kuibeza, ingawa Kiingereza chake cha karne ya 18 kinatoa jasho.

Uzuri wake nauona katika barua tatu. Tarehe 19 Agosti 1791 Benjamin Banneker, mtu mweusi huru wa Maryland aliyejifunza mwenyewe elimu ya nyota, alimwandikia Thomas Jefferson, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, na kumpelekea kalenda aliyoipigia hesabu. Kwa adabu, lakini bila kung'ata maneno, alimweleza kwamba yeye aliyeandika kuwa watu wote wameumbwa sawa ndiye anayewashika ndugu zake utumwani. Jefferson akajibu tarehe 30 Agosti kwa upole na sifa. Mwalimu akikomea hapo, darasa litatoka na muungwana. Lakini humo humo imo barua ya tarehe 8 Oktoba 1809 kwa Joel Barlow: Jefferson anashuku kuwa Banneker alisaidiwa zile hesabu, na akili yake anaiona ya kawaida mno. Zisomwe zote tatu, nzima nzima. Kile kisanduku cha kutafutia maneno kinamzoeza mwanafunzi kudokoa sentensi moja na kukimbia.

Lawama yangu kubwa ni kwamba tovuti imepangwa kwa majina ya wakubwa. Banneker yumo kwa kuwa alimwandikia mkubwa. Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600 maishani mwake. Wachache, kama fundi seremala John Hemmings, waliacha barua. Wengine wanatajwa tu.

Basi mwalimu afungue pia daftari la shamba la Jefferson, ambalo Chama cha Historia cha Massachusetts kimeliweka kwenye intaneti. Humo, kwa mwandiko wa yule yule aliyeandika Azimio la Uhuru la 1776, wamo watu hao: jina, mwaka wa kuzaliwa, na blanketi waliyogawiwa.