Ufundi wa Kuonjesha Kitabu

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, pale wauzaji wa vitabu vilivyokwisha kusomwa wanapotandika maturubai asubuhi na kuyakunja jioni, yupo mzee mmoja asiyemuuliza mteja anataka kitabu gani. Akishaitikia shikamoo, swali lake ni hili: "Mara ya mwisho ulisoma nini, mwanangu, ukasahau kula?" Akijibiwa, hunyamaza kidogo, macho yakitembea juu ya majalada yaliyopauka kwa jua, kisha huchomoa kimoja kutoka chini kabisa ya rundo. Hasemi kwamba ni kizuri. Husimulia. Humleta mtu mmoja mlangoni, humtwisha shida, na mteja anapoinama asikie zaidi, mzee hukifunga kitabu na kumkabidhi.

Wanaoujua ufundi huo wanapungua.

Kumweleza mwenzako unachokisoma, mpaka naye asitulie asipokipata, si jambo la kila mwenye ulimi. Kunataka mtu aliyekisoma kitabu chote, aliyekielewa, na anayejua kujizuia, kama mpishi anayeonjesha mchuzi kwa ncha ya kijiko huku sufuria akiwa ameifunika. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyompa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ushindi katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Msimulizi hodari atakupeleka mzimuni, akuonyeshe maiti ya Bwana Ali isiyo na kichwa, kisha amwingize Bwana Msa na kiko chake, mtu anayefikiri zaidi kuliko anavyosema. Hapo atanyamaza. Atakayeendelea mpaka kumtaja muuaji atakuwa amekunyang'anya kitabu chenyewe.

Tena anatakiwa amjue anayemwambia. Binti aliyelelewa kwa fimbo na baba asiyetaka kuona hata barua ya mvulana huhitaji kuambiwa habari za Rosa Mistika kwa namna ya peke yake. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa kuyaanika mambo ambayo watu wazima hawakutaka yasemwe mbele ya vijana. Marufuku haikuizuia kusomwa. Ilipita kwa kunong'onezana, na aliyekuwa akinong'ona alijua vizuri kwa nini amemchagua huyu akamwacha yule. Baadaye ikaruhusiwa, ikawa kitabu cha kufundishia.

Waliokaa shule za bweni miaka ya 1970 na 1980 wanaukumbuka msafara wa riwaya moja bwenini. Mwanafunzi amerudi kutoka likizo na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1974, imevalishwa gazeti ili mwalimu wa zamu asiitambue. Kabla hajamaliza kutandika kitanda, habari zimeenea kwamba Willy Gamba, yule mpelelezi, amefika. Foleni inapangwa: fulani baada ya fulani, usiku mmoja kila mtu, mvivu wa kusoma anapewa siku mbili kwa kubembeleza sana. Kitabu kikifika kwa wa kumi, jalada limekwisha kung'oka na kurasa za mwanzo zimeshonwa kwa uzi. Raha kubwa zaidi ilikuwa nje ya kurasa. Wawili wangekutana bombani, mmoja aulize, "Umefika wapi?" Mwenzake ajibu, na yule aliyetangulia acheke tu, asiseme neno. Kicheko hicho kilimkimbiza mtu kitandani kwenda kusoma. Kitabu kimoja kikawapa watu kumi cha kuzungumza muhula mzima, na wa kumi alikipokea akiwa amekwisha kukisubiri kwa zaidi ya wiki nzima.

Pwani jambo hili lina mizizi mirefu zaidi. Tendi zilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na aliyevutiwa na utenzi aliunakili, au akamlipa mwandishi amnakilie, ubeti kwa ubeti, kwa hati za Kiarabu. Hebu fikiria uzito wa sifa hiyo: kuupenda utenzi mpaka kuuandika wote upya. Na nchi zilipopata uhuru, Tanzania haikuyadharau mambo ya kusoma. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Lakini si kila chombo kilidumu: East African Literature Bureau, iliyoanza mwaka 1948, haikuokoka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977.

Siku hizi kitabu hupigwa picha karibu na kikombe cha kahawa, chini yake maneno mawili: kizuri sana. Kizuri kwa nani, na kwa lipi? Au riwaya nzima hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kurushwa simuni kwa watu mia kwa mpigo, mwandishi asipate hata senti, na mpokeaji aiweke pamoja na nyingine asizozifungua. Hapo hakuna aliyechaguliwa. Hata abiria wa daladala anayesoma kweli, jirani hawezi kumuuliza chochote, maana simu haina jalada. Anayesoma Kuli ya Shafi Adam Shafi na anayesoma matokeo ya mpira wanafanana.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Jina lake lilitajwa kila mahali kwa fahari. Waliokuwa tayari kumsimulia jirani habari za Yusuf wa riwaya yake mojawapo, kijana aliyetolewa na babake kulipia deni huku akidhani anaondoka na ami yake, walikuwa wachache mno. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakaitoa riwaya hiyo kwa Kiswahili, Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, basi kisingizio cha lugha kikaisha. Wapo wanaokutana kuizungumzia, na Mungu awazidishie. Lakini hao hukutana kwa miadi. Yale mazungumzo ya bombani, ya barazani, ya foleni ya kinyozi, yanayomkuta mtu asiyekuwa na nia ya kusoma, yanakatika.

Na yakikatika hayana pa kuhifadhiwa. Maktaba itamwambia mtafutaji kwamba Simu ya Kifo ni ya Faraji Katalambulla, na kwamba ilitoka mwaka 1965. Haitamwambia asiianze usiku ikiwa ana safari ya alfajiri. Hilo alikuwa akiambiwa na mtu aliyekesha nayo.