Bustani ya Mji: Pambo au Hifadhi?

Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, ile iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Madhumuni yao hayakuwa kulinda miti ya pwani yetu. Walitaka kujaribu mazao ya biashara, na kwa kazi hiyo ilifaa. Leo twataka bustani za miji zihifadhi miti inayotoweka, na hapo ndipo mpango wa kale unapopwaya.

Mti unaosifiwa mno humo ni mnazi wa Shelisheli, wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani. Ni mti adimu, hatuuonei kijicho. Lakini, ndugu msomaji, mti huo una dume na jike mbali mbali, kama mpapai. Aliyepanda mapapai uani ajua kwamba dume halimpi tunda. Basi mwenye kupanda mti mmoja wa namna hiyo ameweka pambo, kizazi hakukihifadhi.

Tutazame mti wa kwetu, ambao wanachuoni wauita Karomia gigas. Ulijulikana Kenya mwaka 1977, ukakatwa, ukadhaniwa umekwisha, hata ukaonekana katika misitu ya kusini mwa Tanzania. Iliyobaki ni michache mno, na mbegu zake ni taabu kuota. Mbegu zilipelekwa bustani ya Missouri, huko St. Louis, Marekani, na miche ikapatikana. Twawashukuru waliofanya hivyo. Hata hivyo, mti wa Kilwa kulelewa katika nyumba ya vioo, nchi ya theluji, si jambo la kulipitia kimya.

Mwenye kuchora bustani mpya yafaa aanze na kitalu. Aghlabu twakiona kimesukumwa nyuma, karibu na jaa, ilhali ndicho moyo wa kazi. Mbegu zichukuliwe kwa mama wengi, na kila mche uandikiwe msitu ulikotoka na mama yake. Jina la Kilatini pekee kwenye kibao halitoshi. Tena aina ziwe chache, lakini kila moja ipewe miti ya kutosha kuzaana, na miche mingine ipandwe penginepo, maana moto mmoja au ugonjwa mmoja waweza kumaliza yote.

Watakaosema mjini hakuna nafasi, na waanze kwa kung'oa bogenvilia, ua la Amerika ya Kusini lisilokosa mtu wa kulipanda.