Vazi la Mwigizaji ni Shahidi wa Nini?

Msomaji, wako watu wanaokusanya mavazi ya waigizaji mashuhuri wa sinema. Gauni jeupe alilovaa Marilyn Monroe katika sinema ya mwaka 1955 liliuzwa mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 4. Hapa Kenya, Jumba la Makumbusho la Karen Blixen, lililofunguliwa Nairobi mwaka 1986, limehifadhi baadhi ya mavazi ya "Out of Africa", sinema ya mwaka 1985 aliyoigiza Meryl Streep. Ni jambo jema, maana yaonyesha ufundi wa Milena Canonero aliyeyabuni. Lakini mwenye nyumba ile aliondoka Kenya mwaka 1931. Mavazi hayo yalishonwa miaka 50 na zaidi baadaye. Mtazamaji asiyeambiwa hivyo aweza kudhani ameona nguo zake, na sinema ikaketi katika kiti cha historia.

Sisi wa Nakuru tunacho kipimo karibu: Hyrax Hill, alikochimba Mary Leakey tangu mwaka 1937. Vyombo vilivyofukuliwa pale vilitumiwa na watu walioishi kweli. Basi, ulionapo vazi la sinema, usiulize tu nani alilivaa. Uliza pia ni shahidi wa nini.