Kigingi au Kijiti cha Kuungia? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Useremala

Istilahi hupimwa kwa mambo mawili: usahihi wake katika kuitaja dhana, na manufaa yake kwa mtu mwenye kazi mkononi. Makala haya yanahakiki jina la kifaa kidogo cha useremala: kijiti cha mviringo, chenye unene sawa toka mwanzo hadi mwisho, ambacho hupakwa gundi na kuzamishwa katika matundu ya mbao mbili ili zishikamane.

Dhana hii si ngeni kwetu. Mafundi wa mitepe ya Lamu walishona mbao za vyombo vyao kwa kamba za makumbi na kuzishikiza kwa vijiti, bila msumari wa chuma. Hata hivyo, mfasiri akutanapo na dhana hii hushawishika kuchukua neno lililo karibu: kigingi, chango, au msumari wa mti. Yote matatu yana kasoro. Kigingi huchongwa ncha na kupigiliwa ardhini ili kufungia mbuzi au hema. Chango hutokeza ukutani ili kutundikia vitu, na tena ni jina la mnyoo wa tumboni. Msumari hujipenyeza wenyewe kwa nguvu ya nyundo, lakini kijiti chetu hungojea tundu litobolewe kwanza.

Je, tofauti hizi ni za wanalugha tu? Tumchukue mkazi wa Ruhuwiko, Songea, anayetengeneza kiti cha mninga nyumbani kwake. Keekee yake hutoboa tundu la inchi 3/8, yaani milimita 9.5 hivi. Vijiti vya dukani aghalabu huwa vya milimita 6, 8 au 10. Cha 8 kitalegea. Cha 10 kikilazimishwa kitapasua mbao. Basi hana budi kujitengenezea, na hapo ndipo maneno ya mwongozo yanapokuwa na uzito. Akiambiwa achonge kigingi, atachonga kitu chenye ncha, chembamba huku na kinene kule. Kitagusa tundu mahali pamoja tu, gundi haitashika, na kiti kitacheza.

Maelezo yaliyo sahihi yangemwongoza hivi. Apasue mti mkavu kwa kufuata nyuzi zake, maana uliokatwa kwa msumeno kinyume cha nyuzi huvunjika upesi. Auchonge ukaribie kipimo. Kisha atoboe bamba la chuma matundu mawili au matatu yanayopungua ukubwa, la mwisho likiwa la kipimo kile kile cha tundu la kiti, na aupitishe mti humo kwa nyundo, tundu baada ya tundu. Mwishowe akwaruze mfereji mwembamba ubavuni, ili hewa na gundi ya ziada vipate njia ya kutokea.

Katika maelezo hayo neno kipenyo halikwepeki. Istilahi hii inastahili sifa: imetoka katika kitenzi penya, na mwanafunzi huielewa bila kuikariri. Kuandika "upana" au "ukubwa" mahali pake ni kumwachia fundi kubahatisha. Vivyo hivyo, "saizi isiyo ya kawaida" haimwambii kitu. Kipimo cha inchi ni cha kawaida kabisa kwake; kilichopo ni kwamba kimeangukia kati ya vipimo viwili vya dukani. Kukiita kipimo cha kati kungetosha.

Kwa hiyo tunapendekeza kijiti cha kuungia, kikitajwa pamoja na kipenyo na urefu wake. Watakuwapo watakaosema kuwa jina hili ni refu, na kwamba kiungambao, kwa mfano wa kipimajoto, lingekuwa fupi zaidi. Lakini gundi nayo huunga mbao, na msumari pia. Ufupi ni sifa njema, ila haupaswi kununuliwa kwa gharama ya dhana. Walimu wa ufundi na wafasiri wanaombwa walijaribu jina hili mezani pa seremala kabla ya kulikubali au kulikataa, kwani huko ndiko istilahi ya useremala inakopata hukumu yake ya haki.